Maswali ya Wasomaji: Nani Huamua Mbegu Ipi ya Mahindi Ifike Dukani?

SWALI: Ndugu Mhariri, ninalima ekari tatu za mahindi hapa Mbozi. Mbegu chotara niliyoizoea kwa miaka mingi imetoweka madukani, na wakala ananiambia kampuni imeleta nyingine iliyo bora zaidi. Naomba kufahamu ni nani, ndani ya kampuni hizo, huamua mbegu ipi iendelee na ipi iachwe, na kwa nini mbegu mpya huchukua miaka mingi kutoka. – Msomaji wa Mbozi, Songwe

JIBU: Ndugu msomaji, mbegu huwa haiondolewi na mtu mmoja kwa siku moja. Uamuzi hufanywa kwa hatua, na sehemu kubwa yake huwa imekwisha kufanywa miaka mingi kabla mfuko haujafika kwa wakala wako.

Kazi huanzia mezani. Kampuni hugawa soko lake kwa hali ya hewa, yaani nyanda za juu kama huko kwenu, ukanda wa kati, na maeneo ya joto yenye mvua haba, na kila eneo huwa na programu yake. Mtafiti wa mbegu, watu wa mauzo na wasimamizi wa mashamba ya kuzalisha mbegu hukaa pamoja wakaandika sifa za mbegu wanayoitafuta: ikomae kwa siku ngapi, ihimili ugonjwa wa milia na madoa ya kijivu, bua lisilale, maganda yafunike gunzi hadi nchani ili mvua isiozeshe punje, na punje zenyewe ziwe ngumu za kukobolewa bila kupondeka. Sifa hiyo ya mwisho naiona ina uzito kuliko inavyopewa katika mikutano mingi, kwa sababu mahindi yanayojaza ghala lakini yakaishia kuwa pumba mashineni hayatapandwa mara ya pili. Hapo hapo hutajwa mbegu inayoongoza sokoni, ambayo mbegu mpya ni lazima iishinde.

Shambani, mtafiti huwatenga wazazi katika makundi mawili ya koo zisizokaribiana, kwa kuwa nguvu ya chotara hutokana na kukutanisha koo zilizo mbali. Mfano ulio karibu nasi ni mbegu chotara H611 ya Kitale, iliyotolewa Kenya mwaka 1964, ambayo ilipatikana kwa kuzalisha mahindi ya Kitale na mahindi yenye asili ya Ecuador.

Kutengeneza mzazi safi, yaani ukoo ambao mimea yake yote hufanana, ndiko kunakokula muda. Kabla ndevu hazijachomoza, gunzi changa huvikwa kifuko; mbelewele za mmea uleule, yaani maua dume ya kileleni, nazo hufungwa kwa mfuko wa karatasi. Asubuhi, umande ukishakauka, mfanyakazi huinamisha mmea, hukung’uta mbelewele, huchungulia vumbi la manjano, yaani chavua, lililotua chini ya mfuko, kisha hulimwaga juu ya ndevu na kufunika upesi kabla chavua ya jirani haijapeperuka ikatua hapo. Tarehe huandikwa juu ya mfuko uleule. Kila kizazi cha kujichavusha namna hii hupunguza mchanganyiko wa urithi kwa nusu, ndiyo maana huhitajika vizazi sita au saba hadi mimea ya ukoo mmoja ifanane kabisa. Penye umwagiliaji, vizazi viwili vinaweza kupatikana kwa mwaka mmoja. Vilevile, tangu mwaka 2013, kituo kilichojengwa Kiboko, Kenya, na CIMMYT, shirika la kimataifa la utafiti wa mahindi na ngano, pamoja na taasisi ya utafiti ya nchi hiyo huwapa watengenezaji wa mbegu wazazi safi kwa misimu michache tu, kwa njia ya kupata kwanza mmea wenye nusu tu ya urithi wa kawaida, kisha kuuzidisha urithi huo mara mbili ili mmea uwe safi mara moja. Msaada huo ni mkubwa hasa kwa kampuni ndogo zisizo na maabara zao.

Kisha huja mchujo. Wazazi wapya hukutanishwa na mzazi mpimaji, yaani mzazi mmoja wa kuwapimia wote, kutoka kundi la pili, na chotara wanaopatikana hupandwa katika vituo vingi. Kila mwisho wa msimu huwa na mkutano wa kupitisha, ambako takwimu za mavuno husomwa na chotara walio wengi hufutwa. Wanaosalia hupandwa katika vituo vingi zaidi, halafu katika mashamba ya wakulima. Hatimaye kampuni hupeleka chotara mmoja au wachache kwenye majaribio ya serikali, ambayo Tanzania husimamiwa na TOSCI, taasisi ya kuthibitisha ubora wa mbegu, na Kenya husimamiwa na KEPHIS, shirika la ukaguzi wa afya ya mimea.

Lipo jambo moja ambalo wakulima hawaambiwi mara nyingi. Chotara anaweza kufanya vizuri sana katika shamba lako na bado akafutwa, kwa sababu mama yake huzaa mbegu kidogo katika shamba la kampuni. Huko hupandwa mistari kadhaa ya mama kwa michache ya baba, mbelewele zote za mama hung’olewa kwa mkono kabla hazijamwaga chavua, na mbegu inayouzwa huvunwa kwa mama peke yake. Mama dhaifu huifanya mbegu kuwa ghali. Kampuni nyingi za kwetu hulikwepa hilo kwa kumtumia mama aliye chotara mwenyewe, anayechavushwa na baba safi, nawe ukapata mbegu ya wazazi watatu. Huenda mbegu yako iliondoka kwa sababu ya namna hiyo, au kwa ugonjwa mpya. Ugonjwa wa virusi uitwao MLN, unaokausha mahindi na ulioonekana Bomet, Kenya, mwaka 2011, uliwalazimisha watafiti kupima upya hata mbegu zilizokuwa zikipendwa.

SWALI: Je, nikichagua magunzi makubwa ya chotara na kuyapanda msimu ujao, nitapoteza nini? – Msomaji wa Trans Nzoia

JIBU: Utapoteza sehemu kubwa ya nguvu uliyoilipia. Punje hizo ni watoto wa mimea iliyochavushana shambani mwako, hivyo urithi hugawanyika upya: mimea mingine itakuwa mirefu, mingine mifupi, na mavuno yatapungua. Ukitaka mbegu ya kurudia, omba ile ya uchavushaji huria.

SWALI: Mkulima anawezaje kusikika katika mikutano hiyo? – Msomaji huyohuyo

JIBU: Mwambie wakala akuunganishe na ofisa wa kampuni anayesimamia majaribio ya mashamba ya wakulima, kisha utoe kipande cha shamba lako. Mbegu mpya ipandwe sambamba na uliyoizoea, siku moja na kwa mbolea ileile. Uandike tarehe ya kupanda, hesabu ya mabua yaliyolala, na uzito wa kila upande baada ya kupukuchua. Kabla ofisa hajaondoka, mpe pia debe moja la kila upande lipelekwe mashineni, mkaangalie pamoja pumba iliyotoka.