Nasoma Fatiha, mwanangu anasema nakosea: nianzie wapi?

SWALI: Assalaam alaykum Ustadhi. Mimi ni mama wa miaka 40, niko Morogoro. Utotoni sikupata chuo cha Qur'ani. Sura nilizonazo nimezihifadhi kwa kusikiliza na kwa vijitabu vya herufi za Kilatini. Sasa mwanangu yuko madrasa, na kila nikisoma Fatiha ananiambia, "Mama, hiyo siyo haa, na hiyo siyo dhwadi." Mimi nasikia tunasema kitu kilekile. Je, tatizo ni ulimi wangu au masikio? Nianze na herufi gani? Programu za simu zinatosha? Msahafu wa rangi ninunue? Na swala nilizokwisha kuswali zina hukumu gani?

JIBU: Wa alaykumu salaam warahmatullah, dada yangu. Tatizo ni sikio kwanza, ulimi baadaye, na sababu yake ni Kiswahili unachokisema vizuri tangu utoto.

Tazama maneno matatu: hali, hewa, habari. Sisi tunayaanza kwa sauti moja. Katika Kiarabu la kwanza lina ح (haa), la pili ه (haa nyepesi), la tatu خ (khaa), herufi tatu zinazotoka sehemu tatu za koo. Dhahabu ina ذ (dhali), dhuluma ina ظ (dhwaa), dharura ina ض (dhwadi), nasi zote tunazitia kwenye dh moja. Kalamu ilikuwa na ق (qaf), kitabu kina ك (kaf). Na ع (ain) tumeiacha kabisa: saa, adui na elimu zote zilikuwa nayo. Sikio lililolelewa hivyo halioni haja ya kutofautisha, ndiyo maana mwanao anakusahihisha nawe unasikia amerudia ulichosema wewe.

Faida yake ni kwamba makosa yako yanajulikana kabla hujafungua kinywa. Huna haja ya kurudi kwenye alifu kwa kijiti na kupita herufi zote 28 kwa uzito sawa. Baa, taa, miim, nuun, laam unazo tayari. Fatiha peke yake ina herufi 21, na zinazokosekana humo ni ث (thaa), ج (jiim), خ, ز (zaa), ش (shiin), ظ na ف (faa). Kwa hiyo ukitengeneza Fatiha umetengeneza sehemu kubwa ya kazi, na kwako zenye kazi ni ح, ع, ق, ص (swadi), ط (twaa), ض, pamoja na غ (ghain) na ذ ikiwa kwenu mmezoea kusema "gali" badala ya ghali na "zambi" badala ya dhambi. Wenye lugha ya nyumbani inayochanganya r na l waongeze raa kwenye orodha yao.

Anza na ح na ع pamoja, maana zinatoka mahali pamoja, katikati ya koo. Walimu wa tajwidi, elimu ya kuisoma Qur'ani kwa matamshi sahihi, wana njia ya zamani ya kutafuta makhraji, yaani pale sauti inapotokea: itie herufi sukuni (isiwe na irabu), utangulize alifu yenye fataha (irabu a). Sema "ah" ukisimama kwenye ح. Sauti iwe na mkwaruzo mkavu, kama pumzi ya mtu aliyetafuna pilipili mbuzi. Ikitoka laini kama ya "hewa", umeshuka chini mno kooni, umefika kwenye ه. Ikikoroma, umepanda kwenye خ. Ukishaipata, bana koo palepale lakini safari hii utoe sauti badala ya pumzi, utapata ع. Weka vidole kooni: kwenye ح hakuna mtetemo, kwenye ع upo. Halafu chukua maneno ya Fatiha yenyewe: alhamdu, arrahmaan, arrahiim, kisha 'aalamiin, na'budu, nasta'iin, an'amta, 'alayhim. Usiende mbele kwa wiki mbili hivi, hata kama unaona aibu kubaki kwenye herufi mbili.

Umuhimu wake si urembo. 'Aliim kwa ع ni Mjuzi, sifa ya Mwenyezi Mungu. Aliim kwa hamza, yaani a yetu ya kawaida, ni yenye kuumiza, sifa ya adhabu. Maneno yote mawili yamo ndani ya Qur'ani mara nyingi. Qaf nayo hivyohivyo: qul ni sema, kul ni kula. Ukianza Suratul Ikhlas kwa kaf, umeamrisha watu kula. Kaf unaitamka vizuri. Kwa qaf rudisha shina la ulimi nyuma zaidi, mpaka karibu na kimio, kile kinyama kinachoning'inia mwisho wa kaakaa.

Sasa swadi na twaa, na hapa vijitabu vyako vya Kilatini vimekuponza. Kwa kukosa herufi, waandishi wetu huandika "swiraatwal mustaqiim", na msomaji akiona w anachongoa midomo. ص haina w. Midomo inabaki kama ilivyo kwenye siin. Kinachobadilika ni nyuma ya ulimi, inayoinuka kuelekea kaakaa na kuifanya sauti kuwa nene. Shika kioo, sema siin kisha swadi. Midomo ikisogea mbele, rudia. Nami nimeandika "swadi" na "dhwadi" humu kwa mazoea tu, usinifuate mdomoni. Kwa jambo hili moja ningekushauri uviweke vijitabu hivyo pembeni ujifunze maandishi yenyewe. Mtu mzima mwenye bidii huweza kuunganisha herufi ndani ya miezi michache, na mwanao anaweza kuwa mwalimu wako wa hatua hiyo.

Dhwadi ndiyo ngumu kuliko zote, na hata Waarabu wengi leo hawaitoi kama vitabu vya tajwidi vinavyoieleza. Sisi huigeuza dh, tukautoa ulimi kati ya meno: "walaa dhaalliin". Ncha ya ulimi kutokeza ni kazi ya ذ, ث na ظ. Kwenye ض ni ubavu wa ulimi unaobana magego ya juu, upande mmoja au zote mbili, upande wa kushoto ukiwa mwepesi kwa watu wengi. Hii sitakudanganya kwamba utaipata kwa kusoma maelezo. Inahitaji mtu aliye mbele yako, akuone na akusikie.

Kuna makosa mengine ambayo mwanao huenda hajakutajia, na kwa maoni yangu ndiyo yanayowatambulisha Waswahili zaidi ya herufi. Kiswahili hakipendi konsonanti kukaa bila irabu, basi tunaipachikia: "alihamdu", "ani'amta". Tena tunaivuta silabi ya pili kutoka mwisho: na'budu inakuwa "na'buudu", na maaliki inakuwa "maliiki", madda, yaani mvuto wa irabu, imehamishwa kutoka inakostahiki kupelekwa isikostahiki. Na Fatiha haina e na o kama zetu, lakini kwa kuwa khayr kwetu imekuwa heri, ghayri inateleza ikawa "gheri", 'alayhim ikawa "'alehim", yaumi ikawa "yomi". Soma taratibu, uhesabu urefu wa kila madda kwa mdundo usiobadilika, utajisikia mwenyewe unapotaka kuteleza.

Shadda nazo, yaani herufi zinazokazwa. Waliopitia Safinatun Najaa, kile kitabu kidogo cha fikhi, wanakumbuka kwamba Fatiha pamoja na bismillahi ina shadda 14. Inayodondoshwa sana ni ya iyyaaka. Ibada ni Kwako tu, ndiyo maana ya neno lile. Likikosa shadda wanazuoni wamesema linaweza kumaanisha mwanga wa jua.

Ukisikia msomaji wa Sudan anasoma "maliki yaumiddiin" bila kuvuta, usimsahihishe. Huko wanafuata riwaya (njia ya kupokea kisomo) ya ad-Duuri kutoka kwa Abu Amr, na ni kisomo sahihi. Sisi tunasoma Hafs kutoka kwa Asim, tunavuta. Ila usichanganye.

Kuhusu swala, mimi ni mwalimu wa tajwidi, si mufti. Hukumu mahsusi muulize sheikh wa msikiti wenu. Ninaloweza kukuambia ni kwamba hata ndani ya madhhabu yetu ya Shafi'i jambo hili lina nafasi. An-Nawawi katika kitabu chake Minhaj anasema aliyeweka ظ mahali pa ض kisomo chake hakisihi kwa kauli iliyo sahihi zaidi. Ibn Kathir, naye Mshafi'i, anasema kosa hilo linasamehewa kwa jinsi herufi mbili hizo zilivyokaribiana. Na wanazuoni wanamtenga anayeweza kujifunza akapuuza na yule ambaye ulimi wake haujakubali naye yuko kwenye kujifunza. Wewe umeshaanza kuuliza. Hadithi ya Bi Aisha, iliyomo kwa Bukhari na Muslim, inasema anayesoma Qur'ani kwa kubabaika na tabu ana ujira mara mbili.

Programu za simu zinazosikiliza usomaji ni nzuri kwa kuhifadhi: umeruka neno, inakuonyesha. Kukupambanulia ح yako na ه yako sizitegemei. Simu itumie kwa namna nyingine. Tafuta rekodi ya Sheikh Mahmoud Khalil al-Husary wa Misri, yule aliyerekodi Qur'ani nzima kwa murattal (usomaji wa kutulia) mwaka 1961. Anasoma polepole, kila herufi imekaa mahali pake, hana mbwembwe. Sikiliza aya moja, jirekodi ukiisoma, kisha zisikilize zote mbili kwa kufuatana. Sauti yako ukiisikia kutoka nje utagundua usiyoyagundua wakati unasoma. Wasomaji wenye mahadhi matamu waache kwanza. Nimeona wanafunzi wengi wameiga sauti ya imamu fulani wa Ghuba, pua na mtetemo vyote, na ع bado hawana.

Lakini mwalimu ni lazima. Qur'ani ilipokewa mdomo kwa mdomo, na anayekusikiliza awe mwenyewe amesoma kwa mtu. Misikiti mingi ina darsa za akina mama baada ya alasiri. Uliza maalima wa hapo kama anasikiliza mtu mmojammoja au wote wanasoma kwa pamoja. Kwenye kundi linalosoma pamoja kosa lako linafichwa na sauti za wenzako, na unaweza kukaa miaka bila kusahihishwa. Ukikosa wa karibu, wapo wanaosikiliza kwa ujumbe wa sauti. Inasaidia kwa madda na irabu, haisaidii sana kwa ض kwa sababu hakuoni mdomo.

Msahafu wa rangi usinunue sasa. Rangi zinakuonyesha pa kughunna (kutoa sauti puani), pa kuvuta, pa kuidghamisha (kuiingiza herufi katika inayofuata). Hazikuonyeshi ulimi ukae wapi. Utakufaa utakapokuwa unasoma Juzuu Amma kwa kuangalia maandishi, na hata hapo angalia ukurasa wa maelezo kwanza, maana kila mchapishaji ana rangi zake.