Nimefanikiwa machoni pa watu, mbona moyo hautulii?

SWALI: Assalamu alaykum, Sheikh. Mimi ni kijana wa Mombasa, kazi yangu ni kutoa mizigo bandarini. Nimejenga Bamburi, nina gari, na kwetu Majengo wazazi hunitolea mfano kwa watoto wao. Lakini raha niliyoitarajia siioni, na usiku usingizi huniruka. Je, huku ni kukufuru neema, au nimepatwa na jicho?

JIBU: Waalaykumu salaam warahmatullahi wabarakatuh. Ndugu yangu, kukosa raha peke yake si kukufuru neema. Anayeikufuru ni anayeikana au kuitumia katika maasi. Ama jicho ni kweli, kwa kuwa Mtume (s.a.w.) amelithibitisha, lakini si kila anayekesha amehusudiwa.

Katika Suratul Qasas, aya ya 79, Qarun, tajiri wa kaumu ya Nabii Musa (a.s.), aliwatokea watu wake katika mapambo yake, na wale wanaotaka maisha ya dunia wakasema: laiti nasi tungepata mfano wa alichopewa Qarun, hakika yeye ni mwenye bahati kubwa. Aliyemwita mwenye bahati ni mtazamaji. Kwamba Qarun mwenyewe alikuwa na raha, aya haikusema. Na katika aya ya 82, baada ya ardhi kummeza, wale wale waliotamani cheo chake jana wakageuza kauli. Sasa yarejee uliyoyataja, nyumba, gari na kusifiwa mtaani: shahidi wake wote ni macho ya watu, nayo hayashibi, kwani aliyejenga Bamburi ataulizwa lini atahamia Nyali kwenye mtaa wa kifahari.

Kipimo chetu cha mafanikio kimo katika hadithi aliyoipokea Imam Muslim kutoka kwa Abdullah bin Amr bin al-Aas (r.a.), kwamba amefaulu aliyesilimu, akaruzukiwa kiasi cha kumtosha, na Mwenyezi Mungu akamkinaisha kwa alichompa. Wengi wetu tunashukuru kwa la kwanza, tunalihangaikia la pili usiku na mchana, na la tatu hatuliombi kabisa.

Haya hayana maana kwamba mali ni mbaya. Abdulrahman bin Auf (r.a.) alikuwa mfanyabiashara tajiri, naye ni miongoni mwa masahaba kumi waliobashiriwa Pepo, na aya ya 77 ya sura hiyo hiyo inasema usisahau fungu lako la dunia. (Wanaowasifia vijana umaskini, aghalabu wao wenyewe hawautaki.)

Linalobaki ni kuihesabu nafsi yako, na hapa mimi siwezi kukujibia. Ikiwa nyumba ilijengwa kwa mkopo wa riba, au unatoa kitu kidogo ili karatasi za kontena lako zipite mbele ya za wenzako, au simu ya mteja hukutoa msikitini kabla imamu hajatoa salamu, basi usimtafute mchawi wala hasidi. Riba ni jambo ambalo Mwenyezi Mungu amelitangazia vita katika Suratul Baqara, aya ya 279. Moyo utatulia vipi?

Kazi usiiache, maana ni halali. Lipa deni ulilonalo, usiongeze jingine la riba, na rushwa uiache hata kama mzigo utachelewa. Soma Suratul Falaq na Suratun Nas kabla ya kulala, na usingizi ukiendelea kukuruka, nenda hospitali ukamwone daktari, kwa sababu Mtume (s.a.w.) ametuamrisha kujitibu.

Wallahu aalam.