Bustani ya sanamu ya Oslo: nenda jua likishuka

Mara ya kwanza nilipofika bustani ya Vigeland, Oslo, Norwei, ilikuwa Julai, saa saba mchana. Nikapiga picha nyingi, nikatoka kichwa kinauma, na usiku ule sikuweza kukumbuka hata sura moja. Siku mbili baadaye nikarudi saa tatu usiku. Ndipo nilipoziona sanamu.

Tofauti ni mwanga. Jua la juu hulifanya jiwe lionekane bapa. Misuli, makunyanzi na mashimo ya macho humezwa na mng'aro. Jua la chini huvirudisha vyote kwa vivuli. Na katikati ya Juni huko halizami mpaka inakaribia saa tano usiku, wala bustani haifungwi na haina kiingilio. Kwa hiyo kama una siku moja tu, mchana jipumzishe.

Ukiingia, usikimbilie mnara wa Monolitten. Najua unavuta: jiwe moja la granaiti, zaidi ya mita 14, miili 121 imeparamiana hadi kileleni. Wachongaji watatu waliufanyia kazi kwa miaka 14 wakifuata kielelezo cha Gustav Vigeland, mchongaji aliyebuni sanamu za bustani hii, aliyefariki 1943. Lakini ukianzia pale, mengine yote utayapita tu.

Anzia darajani, kwenye sanamu 58 za shaba nyeusi. Chagua tano au sita, simama mbele ya kila moja mpaka uone uzito wa mwili umeegemea mguu upi. Utamkuta mtoto mdogo aliyefura kwa hasira, ngumi kaikaza, mguu kauinua. Mkono wake unang'aa kama dhahabu kwa sababu ya wageni wanaoushika. Nakuomba usiushike. Rangi nyeusi ya shaba ni ngozi yake, na kila kiganja huichubua kidogo.

Kisha panda ngazi zinazouzunguka mnara. Hapo kuna makundi 36 ya watu wa granaiti, tangu utoto hadi uzee, na kwangu mimi hapa ndipo moyo wa bustani ulipo. Vigeland hakuwavika nguo wala hakuacha maelezo, hivyo huna cha kusoma. Unabaki na miili yao tu. Mbele ya sanamu za wazee nilikaa karibu nusu saa, nikimfikiria marehemu bibi yangu na jinsi mabega yake yalivyokuwa.

Beba maji, na sweta pia. Jiwe la ngazi hubaki na joto la mchana, lakini upepo hupoa kabla jua halijazama.