Maswali na majibu: Pichi ya propela, 19 au 23?

Propela nyingi zina namba mbili zilizogongwa kwenye kitovu, mfano 15 × 21. Ya kwanza ni kipenyo kwa inchi. Ya pili ni pichi: inchi ambazo propela ingesonga mbele kwa mzunguko mmoja kama maji yangekuwa ubao na yenyewe skrubu. Karibu maswali yote ya safari hii yanahusu namba hiyo ya pili.

Boti yangu ni ya faiba, futi 24, mashine moja ya nguvu za farasi 250, propela ya pichi 21. Nikifungua mafuta yote napata RPM (mizunguko ya mashine kwa dakika) 5,300. Rafiki anasema niweke 23 nipate kasi zaidi. (Watamu)

Usiweke. Fungua kitabu cha mashine utafute RPM zinazoruhusiwa mafuta yakiwa wazi kabisa. Kwa 250 nyingi za mipigo minne utakuta 5,000 hadi 6,000, na boti ya mbio inatakiwa icheze nusu ya juu ya kipimo hicho. Inchi moja ya pichi hubadilisha RPM 150 hadi 200. Ukipanda hadi 23 utashuka karibu na 4,900, mashine ibebeshwe mzigo isiouweza, kama lori linalopandishwa mlima kwa gia ya tano. Boti itachelewa kuinuka, pistoni zitapata joto, kaboni itajaa, na mara nyingi hata kasi ya mwisho hushuka. Shuka hadi 19: utapata takriban 5,600 au 5,700.

Kabla ya kununua, pima vizuri. Tangi nusu, watu na vifaa vya kawaida, chini ya boti pamesuguliwa, bahari shwari. Fungua mafuta yote, kisha pandisha trimu (mwinamo wa mashine) kidogo kidogo mpaka kasi isiongezeke tena. Soma RPM na GPS, geuka, rudia upande wa pili, chukua wastani. Kipimo cha upande mmoja kinapima na mkondo wa maji.

RPM zangu ziko sawa, 5,800 kwa pichi 23. Nitajuaje kama propela yenyewe inafanya kazi? GPS inasoma noti 56 (maili za baharini kwa saa), uwiano wa gia ni 1.75, yaani mashine huzunguka mara 1.75 kwa mzunguko mmoja wa propela. (Maskati)

Piga hesabu ya utelezi, yaani kasi inayopotea kati ya ile ya nadharia na ile ya kweli. Zidisha RPM kwa pichi, gawa kwa uwiano wa gia, kisha gawa kwa 1,215, upate noti za nadharia. Kwako: 5,800 × 23 ni 133,400, gawa kwa 1.75, kisha kwa 1,215, unapata 62.7. GPS ni 56, kwa hiyo umepoteza 6.7, yaani karibu asilimia 11. Kwa boti nyepesi ya mbio hapo ni pazuri. Ukiona 20 na zaidi, tafuta panga la propela lililopinda, kipenyo kidogo, au mashine iliyofungwa juu mno. Ukiona 2 au 3, usishangilie. Pengine umekosea uwiano wa gia au geji inadanganya.

Ukitaka noti moja au mbili zaidi, acha pichi ilivyo na pandisha mashine nusu inchi kwa jaribio moja. Jicho libaki kwenye presha ya maji ya kupoza. Ikishuka, au propela ikianza kuvuta hewa kwenye kona, rudi hatua moja.

Propela iliyofanya vizuri Tanga imekuwa nzito Mwanza. Boti na mashine ni zilezile. (Mwanza)

Ziwa Victoria liko mita 1,134 juu ya usawa wa bahari. Hewa ni nyepesi, na mashine isiyo na turbo hupoteza takriban asilimia 3 ya nguvu kwa kila mita 300, yaani karibu asilimia 11 hapo ulipo. Shusha pichi inchi moja au mbili. Ukirudi pwani irudishe ile ya zamani, la sivyo utapitisha RPM zinazoruhusiwa.

Siku nyingine nabeba watalii kumi, nyingine tuko wawili tu. Nichague pichi ya nani? (Kizimkazi)

Ya mzigo wa kila siku, mradi mkiwa wawili mashine isipite RPM ya juu inayoruhusiwa. Tofauti ikiwa kubwa, weka propela mbili. Kubadilisha ni dakika kumi. Toa ufunguo, weka gia huru, chomoa pini, fungua nati. Paka shafti grisi ya baharini na usisahau ile washa nene inayokaa kati ya propela na nyumba ya gia. Ikibaki mezani, kitovu kitasugua nyumba ya gia. Pini iwe mpya kila mara.

Alumini au chuma cha pua? (Lamu)

Kwa kasi, chuma cha pua, maana panga la alumini hujipinda likibanwa na maji. Mara nyingi utashuka inchi moja ya pichi, hasa ukingo wa mapanga ukiwa umekunjwa. Lakini kwenye mafungu na miamba alumini huvunjika yenyewe, wakati chuma kinaweza kupeleka pigo kwenye shafti na gia. Anayepita vijia vya maji machache bahari ikipwa, abaki na alumini.

Nikiongeza mafuta, RPM zinaruka lakini boti haiendi. Polepole inakwenda vizuri. Pichi ndogo? (Mtwara)

Hapana. Hiyo ni dalili ya bushi ya raba ndani ya kitovu iliyoachia. Vua propela, chora mstari mmoja wa rangi ya kucha uanzie kwenye bomba la ndani lenye meno, upite juu ya raba, uishie kwenye kitovu. Rudisha, endesha kwa nguvu dakika chache, vua tena. Mstari ukiwa umekatika na vipande viwili havitazamani, badilisha bushi.