Mashine Imevishwa Kitambaa, Mama Mkwe Anafua kwa Karai

*Shikamoo Shangazi. Nina umri wa miaka 34, nimeolewa miaka minane na tuna watoto watatu, wa mwisho ana mwaka mmoja na nusu. Ninafanya kazi katikati ya jiji. Ninatoka nyumbani Tabata saa kumi na moja alfajiri na kurudi saa mbili usiku. Desemba mama mkwe alikuja kutoka Muheza kutibiwa magoti, na mpaka leo yupo. Januari nilichukua mkopo kazini, nikanunua mashine ya kufulia ya shilingi 950,000, jiko la presha la umeme, blenda na roboti ya kufagia, na kwa kuwa mashine zilitosha nikamrudisha dada wa kazi kwao. Sasa mama mkwe ananidhalilisha. Mashine ya kufulia aliiwasha mara moja, ikalia, akaizima ukutani, na tangu siku hiyo ameifunika kitambaa cha kufuma na kupanga chupa za chai juu yake. Nguo anafulia uwani kwa karai ili majirani wamwone. Maharage anapikia mkaa. Roboti ameifunika tenga. Saa tisa usiku anaamka kuwasha pampu ya maji na kutuamsha sote. Mume wangu ananyamaza tu. Wiki iliyopita nilimsikia mama akiulizia kwa simu nauli ya basi la Muheza, nikamshukuru Mungu. Nimwambieje mume wangu ili safari hiyo isiahirishwe?*

*Mke Aliyechoshwa, Tabata*

Marahaba, binti yangu. Pole kwa safari za alfajiri, pole kwa foleni ya Barabara ya Mandela, na pole kwa mkopo unaokatwa kwenye mshahara kila mwezi. Zipokee pole hizo zote sasa hivi, kwa sababu huko mbele sina nyingine.

Barua yako nimeisoma mara tatu, na kila mara nilikwama mahali pamoja, pale ulipoandika kwamba ulimrudisha dada wa kazi "kwa kuwa mashine zilitosha". Zilimtosha nani? Mashine ya kufulia haizunguki vyumbani kuokota soksi chini ya vitanda. Haikagui mifuko ya suruali ili kalamu isije ikachafua shati jeupe la shule, haitengi kitenge kinachochuja rangi, haianiki, haikimbilii kamba mawingu yanapotanda, haikunji wala haipigi pasi. Kazi hizo zote zilikuwa na mtu, naye alikuwa akilipwa. Ulipompandisha basi, kazi hazikuondoka naye, zilibaki uwani zikimsubiri wa kuziokota, na mchana kutwa nyumbani kwako hayupo mwingine isipokuwa mwanamke aliyekuja kutibiwa magoti. Barua nzima imejaa mashine, lakini haina hata mstari mmoja unaosema ni nani anayemwogesha huyo mtoto wa mwaka mmoja na nusu, wala anayewapokea wakubwa wanaporudi shule. Wahenga walisema mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Wewe jembe ulilitoa mapema, tena unalalamika kwamba mgeni halishiki kwa mtindo unaoutaka.

Sasa tuje kwenye huo mlio. Nyumba ambayo mtu huamka saa tisa usiku kuwasha pampu ni nyumba ya maji ya mgao, na mashine uliyonunua, kwa bei hiyo, nina hakika ni ile ya kuingizia nguo kwa mbele, inayojivutia maji yenyewe kwenye bomba. Mashine ya namna hiyo hutaka maji yanayosukuma. Tangi likiinuliwa mita mbili kutoka ilipo mashine, msukumo unaopatikana ni baa 0.2 tu (baa ni kipimo cha msukumo), ilhali mashine nyingi za aina hiyo huhitaji zaidi ya hapo, na kiwango chenyewe huandikwa kwenye kile kijitabu ambacho naamini bado kimo ndani ya nailoni. Maji yakiwa dhaifu au yakikatika, mashine husubiri, husimama, huwasha taa na kulia. Mama mkwe wako hakuigomea. Aliiwasha kama alivyoelekezwa, ikamlilia, akaogopa kwamba amekiua kitu ambacho bei yake bila shaka alishaisikia ukiitaja mezani zaidi ya mara moja. Yawezekana pia alitia sabuni ya unga ya kufulia kwa mikono, yenye povu jingi mno kwa mashine ya namna hiyo, kwa sababu hakuna aliyemwambia kwamba ipo sabuni yake. Na hebu nikuulize, wewe mwenyewe umeifulia mara ngapi? Hukusema, na mtu anayejua kulalamika kama wewe asingeacha kusema.

Hicho kitambaa nacho umekisoma vibaya. Nimekulia katika nyumba ambamo redio ilivaa kitambaa, runinga ilipoingia ikavaa cha kwake chenye maua ya waridi pembeni, na friji ilifumiwa kikubwa kilichoning'inia mpaka mlangoni. Wanawake wa rika la mama mkwe wako hawafuniki kitu wanachokidharau. Kitu cha dharau hutupwa nyuma ya nyumba, kikafugiwa kuku. Yule mama aliketi na magoti yake mabovu, akafuma jioni kadhaa, akakivisha kitu chako cha thamani ili kisipate vumbi, nawe ukaiita dharau.

Kuhusu kufua, maoni yangu ni kwamba ulikosea dukani. Kwa nyumba ya mgao ilikufaa mashine ya mapipa mawili, la kufulia na la kukamulia, ambayo hujazwa kwa ndoo kama hakuna bomba, na ambayo maji ya sabuni yaliyofua nyeupe yanaweza kufua za rangi na kumalizia na matambara ya sakafuni. Haina mambo mengi; unazungusha kitufe, inafua kama dakika kumi na tano, unahamishia nguo pipa la pili, na baada ya dakika chache zinatoka zikiwa karibu kavu. Kwa kawaida madukani Kariakoo bei yake ni nusu ya ulicholipa au chini ya hapo. Ni kweli kwamba inataka mtu asimame karibu kuhamisha nguo, lakini kusimama dakika moja si sawa na kuinamia karai saa tatu, na kwa mwenye magoti mabovu tofauti hiyo ndiyo kila kitu. Ukiweza kuiuza uliyo nayo, iuze. Usipoweza, fundi akufungie pampu ndogo ya kuongeza msukumo, kisha utie tone la rangi ya kucha kwenye kitufe kimoja tu, kile cha nguo za kawaida kwa maji baridi, umwonyeshe mama mkwe kwamba hicho ndicho chake na vingine avisahau.

Kwenye maharage nitakuunga mkono, usije ukasema shangazi amelishwa yamini. Serikali ilizindua mkakati wake mwaka 2024, ikakusudia kwamba ifikapo 2034 asilimia 80 ya Watanzania wawe wanapikia nishati safi, na sioni sababu ya bibi wa watoto wako kuvuta moshi wa mkaa wakati jiko la presha limekaa kabatini. Maharage yaliyolowekwa usiku huiva humo katika muda usiofika saa moja, na umeme unaotumika ni kama nusu uniti, ambayo kwa bei ya sasa ya mjini haifiki shilingi 200. Mkaa wa kuivishia chungu hichohicho hauupati kwa fedha hiyo. Lakini ulimfundisha lini? Mtu aliyezoea kufunua sufuria, kuonja na kuongeza maji, ukimpa chombo kinachojifunga kwa komeo na kupuliza mvuke kama treni, ana haki ya kukaa nacho mbali. Jumapili moja simama naye jikoni. Mwache aloweke yeye, apime maji yeye, wewe ubonyeze. Mvuke ukiisha wote, fungueni pamoja, kisha mwachie atie tui la nazi na chumvi kwa mkono wake na kuyachemsha mara ya mwisho kifuniko kikiwa wazi, maana tui halitiwi mwanzo. Akionja akakuta maharage ni yaleyale ya Muheza, mkaa utaununua wa kuchomea mahindi tu.

Roboti sitaipotezea wino. Nyumba ina mtoto anayejifunza kuacha nepi, nawe umeachilia chini kitu kinachozunguka kikipaka kila kinachokikuta. Mama mkwe aliifunika tenga, nami ningeifunika mbili. Kipya kinyemi ingawa kidonda. Iuze kabla betri haijachoka.

Fedha utakayoipata, hata ikiwa nusu ya uliyotoa, itanunua kifaa ambacho nyumba yako imekililia tangu Januari nawe hukukisikia kwa sababu hakina taa wala rangi ya kupendeza. Kinaitwa swichi ya boya. Fundi huitumbukiza kwenye tangi la juu na kuiunganisha na pampu. Maji yakishuka boya hushuka nalo, pampu huwaka, na tangi likijaa boya hupanda, pampu huzimika. Ya pili huwekwa kwenye tangi la chini, ili pampu isije ikavuta hewa ikaungua. Baada ya hapo hakuna tena mtu wa kuamka saa tisa usiku, kwenda uwani kwa tochi ya simu na kusimama gizani akisubiri kusikia maji yakimwagika ndipo ajue limejaa. Unasema anawaamsha. Katika watu wazima watatu wa nyumba hiyo, ni mmoja tu aliyekuwa akiamka kuhakikisha mnaoga kabla ya kwenda kazini, na huyo ndiye mwenye magoti yanayouma. Ukitaka kujua mashine gani inafaa nyumba yako, kabla ya kutazama matangazo ungeanza kwa kutazama ni nani anayeamka wa kwanza, na anaamkia nini.

Hili ndilo ninaloliona katika ndoa nyingi za siku hizi, na barua za namna yako nimezipokea nyingi kiasi kwamba nazijua kabla sijafika aya ya pili. Wawili hutoka asubuhi, hurudi usiku, hukuta wali umeiva na watoto wamelala, kisha hupongezana kwa kununua blenda. Hawaulizani wali umeivaje. Zamani tulikuwa na binti wa shangazi, mdogo wa mke na jirani. Leo tuna dada wa kazi, na akiondoka tuna mama wa mtu. Kazi ya nyumbani ikifanywa na asiyelipwa huonekana nyepesi sana, ndiyo maana wakasema mzigo wa mwenzio ni kanda la usufi. Sipingi mashine, na mimi mwenyewe birika la umeme likiharibika siku hiyo natibuka. Ninachopinga ni kununua mashine kwa ajili ya mikono yako, ambayo haipo nyumbani, na kumkabidhi mwenye mikono mingine bila kumuuliza.

Mumeo naye namgusa kidogo, ingawa hakuniandikia. Ananyamaza kwa sababu anaona anayefua ni mama yake, na anajua akifungua mdomo swali litakalofuata litahusu mikono yake mwenyewe. Jumamosi jioni, kabla hajaenda kutazama mpira, ajaze mashine, ahamishe nguo na kuzianika. Majirani wakimwona, vizuri.

Dada wa kazi mpigie simu leo. Akiwa bado hajapata pengine, arudi kwa mshahara wake na nyongeza, na uwe ni yeye anayefundishwa mashine kwanza, kwa sababu atamfundisha bibi kwa upole kuliko utakavyoweza wewe ukiwa umetoka kwenye foleni.

Umeniuliza namna ya kuhakikisha safari ya Muheza haiahirishwi. Mama anayeulizia nauli kwa sauti ya kusikika nyumba nzima anataka kujua kama kuna atakayemwambia asiondoke. Usiku huu, kabla hujavua viatu, mpelekee chai chumbani kutoka mojawapo ya hizo chupa zilizo juu ya mashine, umshukuru kwa kitambaa, na umuulize magoti yameendaje tangu Desemba, kwa maana katika barua yote hiyo hukusema hata kama alishapelekwa hospitali. Akisisitiza kwenda kuona shamba lake, mpe nauli ya kwenda na ya kurudi, na siku ya kurudi aitaje mwenyewe.

Shangazi