Akiba ya umeme wa pamoja: nani achukue kiasi gani?

SWALI: Tuko kaya tatu tuliounganisha umeme wetu. Mmoja ana paneli za sola, wa pili ana betri, wa tatu hana kifaa ila hutumia umeme mwingi mchana. Akiba tunagawana sawa kwa sawa, lakini mwenye sola na huyo wa tatu wanataka kujitoa. Nasikia nadharia ya michezo, yaani hisabati ya watu wanaoshirikiana au kushindana, ina njia ya kugawa. Inafanyaje kazi?

JIBU: Kabla ya kuwaita wachoyo, pigeni hesabu ya kile ambacho wangepata bila betri. Akiba yenu inatokana na pengo la bei: sehemu nyingi gridi hununua ziada ya sola kwa bei ndogo kuliko inavyouza umeme, na uniti inayotoka kaya moja hadi nyingine hulikwepa pengo hilo.

Tuseme, kwa sarafu yoyote, sola na betri peke yao huokoa 12 kwa mwezi, sola na mtumiaji wa mchana 48, betri na mtumiaji 0, wote watatu 60. Mkigawana sawa, kila mmoja anapata 20. Sola na mtumiaji wana 40 kwa jumla, ilhali wakijitenga wana 48. Sasa wabaki kwa lipi? Mgawo usiokipa kikundi chochote sababu ya kuondoka husemwa uko ndani ya kiini. Wa kwenu uko nje.

Mwanahisabati Lloyd Shapley alipendekeza njia nyingine mwaka 1953. Chukulia wanachama wanaingia mmoja mmoja, na kila anayeingia analipwa kile anachoongeza. Kwa kuwa hakuna sababu ya kumtanguliza yeyote, pitieni mipangilio yote 6 ya kuingia kisha mtafute wastani. Mwenye betri akitangulia, mara mbili, haongezi kitu. Akimfuata sola anaongeza 12, akimfuata mtumiaji 0. Akiingia wa mwisho, mara mbili, anapandisha 48 hadi 60, yaani 12 kila mara. Jumla 36, gawanya kwa 6: anapata 6. Kwa hesabu hiyohiyo sola anapata 30 na mtumiaji 24. Wawili hao sasa wana 54, na ile 48 ya nje haiwavutii tena.

Mwenye betri atalalamika, na ana hoja. Hesabu hii inaona mchango tu, haioni bei ya kifaa. Mimi ningetoa kwanza gharama ya uchakavu wa betri kwenye akiba ya kila kikundi chenye betri, ndipo nigawe.

Msidhani mgawo wa Shapley huangukia ndani ya kiini kila mara. Kuna miungano ambayo kiini chake ni kitupu kabisa. Hakikini.

Mkifika kaya 20, vikundi vinavyowezekana ni 1,048,575. Hapo watu hukata tamaa bure. Wanachama wanaofanana kabisa hupata mgawo sawa, kwa hiyo mkiwa na 8 wa sola, 2 wa betri na 10 watumiaji, kinachojalisha ni idadi tu ya kila aina, kuanzia 0: mnahesabu 9 × 3 × 11, yaani hali 297 tu, ile ya kikundi kitupu ikiwemo. Kompyuta ya kawaida inatosha.

Kinacholeta ugomvi hasa ni namba ambayo akiba yote hupimwa dhidi yake: "angelipa ngapi akiwa peke yake". Itoeni kwenye mita ya kila saa, si jumla ya mwezi, kwa sababu jumla haionyeshi kama jua na matumizi vilikutana saa ileile.