Kuhakiki ukolezi wa hidroksidi ya sodiamu

Mwalimu wa Iringa, umeuliza kwa nini gramu 4.00 za hidroksidi ya sodiamu katika lita moja hazikupi 0.1 M (moli 0.1 kwa lita) kamili. Chembe zake hufyonza unyevu na kabonidayoksaidi tangu kopo linapofunguliwa, hasa masika, kwa hiyo hata mizani bora haikusaidii. Ni lazima uihakiki kwa asidi thabiti, yaani isiyobadilika hewani.

Tumia asidi oksaliki yenye maji ya fuwele: gramu 6.30 kwa lita hutoa 0.05 M. Pima sentimita za ujazo 25.0 za mmumunyo huo kwa pipeti, weka matone mawili ya fenolfthalini (kiashiria kinachogeuka waridi kwenye besi), kisha ongeza besi, yaani hidroksidi yako ya sodiamu, kutoka kwenye bureti hadi rangi hafifu ya waridi idumu nusu dakika (ikikolea, umepitiliza). Kwa kuwa molekuli moja ya asidi hii hutumia mbili za besi, ujazo wa besi wa sentimita za ujazo 24.40 unamaanisha 0.1025 M.

Maji yaliyokenekwa ya kuyeyushia besi yachemshe kwanza kuondoa kabonidayoksaidi. Huku kwetu Mbeya huchemka chini ya nyuzi 100, lakini yanatosha. Yapoze yakiwa yamefunikwa, na besi uihifadhi kwenye chupa ya plastiki, si ya kioo.